Shikamoo Niliyoipokea Ukunguni

Nikubali mwenyewe kabla hamjanikumbusha. Ndiyo, ni mimi niliyewaambia kidato cha kwanza kwamba mwalimu wa zamu ana jicho la tatu chini ya kofia, wawili wakalia. Ni mimi niliyemvalisha mbuzi wa mwalimu mkuu tai ya shule, na tai ilimpendeza kuliko wengi wetu. Kwa hiyo nikisema jambo hili lilitokea, una haki ya kucheka. Cheka, nakungoja.

Umemaliza? Haya.

Hili silitungi. Lilinikuta mimi, kwa macho haya haya ninayochungulia nayo majibu ya jirani wakati wa mtihani. Wala usinitafutie usiku. Watu hudhani mambo ya namna hii yanaogopa mwanga. Mimi lilinikuta saa moja na nusu asubuhi, nimeshakunywa uji, nimevaa sare ya shule, na mfukoni nina gunzi la hindi la kuchoma ambalo halijaisha.

Ili unielewe lazima umjue Amsi. Na ili niwe mkweli kwa mara ya kwanza mwaka huu, lazima niseme kile ambacho huwa nakifunika kwa utani: nilikuwa namwonea Amsi wivu.

Amsi ni mtoto wa mama yangu mdogo, aliyekuwa akikaa Dirma, kule Hanang. Mama mdogo alipofariki, Amsi aliletwa kwetu Maretadu na begi moja, tukiwa wote darasa la nne. Nimemtangulia kuzaliwa kwa siku tatu. Tukalala kitanda kimoja, tukavuta blanketi moja, tukavaa kwa zamu jozi moja ya gambuti za kwendea shambani wakati wa matope. Nilimpenda, usinielewe vibaya. Lakini tangu alipofika, Mama alipata maneno mawili mapya ya kunipigia: "Angalia mwenzako."

Mwenzako ameamka. Mwenzako ameshakata majani ya ng'ombe. Mwenzako amekuwa wa kwanza Hisabati, wewe umekuwa wa kwanza kuitwa ofisini. Maharage aliyopanda Amsi yaliota yote, ya kwangu yaliliwa na kuku wetu wenyewe. Hata mbwa. Mbwa niliyemlea mimi, kwa ugali niliokuwa nikiuficha kwenye soksi, siku moja aliinuka miguuni pangu, akajinyoosha, akaenda kulala miguuni pa Amsi. Wewe ungejisikiaje?

Sasa mwaka huu akaletwa Madam Zuhura, mwalimu wa Fizikia, ametoka Tanga. Baridi ya huku ilimshangaza, na hata leo mshangao haujamwisha: sweta mbili, juu yake kanga, juu ya kanga koti. Tulimwita Kitunguu, na unajua ni nani aliyembatiza. Lakini kwenye Fizikia alikuwa moto. Akaanzisha klabu ya anga, tukajiunga wengi kwa sababu ya mandazi.

Siku ya kwanza alichora duara ubaoni, akasema hii ni dunia. Akachora kidoti karibu na duara, akasema hiki ni chombo cha anga kinachozunguka. Akachora kijumba cha nyasi, akasema hiki ni kituo cha ardhini kinachoongea nacho.

"Chombo kikishapita upande wa pili, kituo kinakionaje?" akauliza.

"Madam, si wajenge mnara mrefu," nikasema.

"Mrefu kiasi gani?"

"Mpaka Mungu aombe wapunguze."

Darasa likaanguka. Yeye hakucheka. Akachora kidoti kingine, mbali sana juu.

"Dunia yenyewe imekaa katikati kama mlima, hakuna mnara wa kuishinda. Kwa hiyo wanaweka setilaiti nyingine huku juu kabisa, inayokiona chombo na inayokiona kituo pia. Chombo kinaiambia hii ya juu, ya juu inaiambia ardhi. Ndiyo maana hata chombo kikiwa upande wa pili wa dunia, hakipotei. Na kazi ya huyu wa katikati ni moja tu: kupokea na kupeleka, bila kuongeza, bila kupunguza."

Akaendelea kueleza kwamba wanatumia mawimbi ya masafa ya juu sana, kwa sababu hayo hubeba mzigo mkubwa kwa mara moja, picha, vipimo, sauti za watu. Lakini yana tabu zake. Mwale wake ni mwembamba, usipolenga sawasawa hupati kitu. Mvua kubwa ikija, yanalegea. Na kwa kuwa njia ni ndefu kwenda juu na kurudi, jibu huchelewa kidogo.

Amsi akanyoosha mkono. "Ni kama kioo, Madam. Moto wa kuni unaangaza pande zote. Lakini kioo kinapeleka jua pale tu unapolenga."

Madam akaweka chaki chini. Akamtazama Amsi kama watu wanavyomtazama mtoto mchanga. "Rudia, wote wasikie."

Unajua kioo kile kilikuwa cha nani? Changu! Mimi ndiye niliyekuwa namchoma nacho mwalimu wa Historia machoni kutoka dirishani, na Amsi amekaa pembeni yangu akinisihi niache. Mimi nilikula viboko vitatu vya kioo kile. Yeye akala sifa.

Basi, ikaja barua. Chuo kimoja cha Dodoma chenye dishi kubwa la kuongea na setilaiti kilikuwa kinaalika shule, kila shule mwanafunzi mmoja. Mmoja tu. Madam akasema hatachagua kwa sura wala kwa alama: tutafanya jaribio la mawasiliano ya kupokezana kwa vioo, na atakayefanya kazi yake vizuri kuliko wote ndiye atakayekwenda.

Shule yetu iko upande huu wa kilima. Upande wa pili ardhi inaanza kushuka, inashuka, inashuka mpaka mwisho wake ni bonde la Yaeda Chini. Amsi akawekwa kule nyuma ya kilima, yeye ndiye chombo. Madam na wengine shuleni, wao ndio kituo. Na juu kilimani, kwenye jiwe ambalo watu hupanda kutafuta mtandao, nani akawekwa?

"Wewe una miguu mirefu na sauti ya ng'ombe," Madam aliniambia. "Wewe ni wa katikati."

Wa katikati! Amsi asome namba, Madam apokee namba, watu wapige makofi, na mimi niwe bomba. Umewahi kuona mtu anashukuru bomba? Kila mtu alijua nani atakwenda Dodoma. Amsi ndiye aliyetunga hata ishara zenyewe, mmweko mrefu, mmweko mfupi, namba gani ni mimweko mingapi. Na Madam alipofundisha kwamba kabla ya habari yoyote upande mmoja lazima uite na mwingine uitikie, kwamba usipoitikiwa hakuna kinachopita na ukiitikiwa njia imefunguka, Amsi akasema hiyo ni shikamoo na marahaba.

"Sasa nani amwamkie nani?" nikauliza, nikijua nitashindwa.

"Wewe umenitangulia siku tatu," Amsi akasema, bila hata chembe ya kejeli. "Mimi nitakuamkia. Pokea shikamoo yako, kaka."

Tangu siku hiyo akawa ananiita kaka. Nilifurahi, na hapohapo nikakasirika kwamba hata cha kunifurahisha kimetoka kwake.

Mazoezi ya wiki mbili yalikwenda vizuri. Jua lilikuwapo, siku nyingine ungeuona hata Mlima Hanang kule mbali. Mimweko miwili mirefu kutoka bondeni, shikamoo. Mmoja kutoka kwangu, marahaba. Kisha namba. Halafu mimi nageuka, nailenga shule.

Jumamosi ya jaribio tuliamka na ukungu. Si ukungu wa kawaida. Ule unaoingia jikoni bila kubisha hodi.

Madam akasema hakuna kuahirisha, kama vioo havifai tutumie sauti. Akasema amesikia watu wa huku huitana mlima kwa mlima ng'ombe akipotea au mtu akifariki, mmoja anapokea neno na kumpa wa kilima kingine, kwa hiyo tuoneshe kwamba mababu zetu walishaijua kazi hii. Amsi akapewa bahasha yenye namba kumi, imefungwa kwa gundi na saini ya Madam juu yake, nakala akabaki nayo Madam. Aifungue akishafika na kuitikiwa tu.

Mama alikuwa mlangoni. Alimfunga Amsi skafu. Mimi sikufungwa. Akasema, "Na ninyi mnaokwenda kuitana kwenye ukungu, msiitikie mtu kabla hajataja jina lenu. Mnanisikia?"

"Ndiyo, Mama," Amsi akasema.

"Na akitaja la Amsi?" nikasema mimi.

"Pumbavu," akasema Mama.

Amsi akavaa gambuti, ilikuwa zamu yake, akashuka. Mimi nikapanda.

Sasa nikuambie nilichokuwa nimekipanga, kwa sababu bila hicho kisa hiki kinakuwa cha uongo. Nilipanga kuharibu namba moja. Moja tu! Amsi aseme saba, mimi nipeleke moja. Madam afungue nakala yake aone kosa, aseme chombo kimekosea. Nani angejua? Mimi ni bomba, bomba halina dhambi.

Nikakaa kwenye jiwe. Sikuona hata viatu vyangu. Nikatoa hindi langu. Baada ya muda nikamsikia kutoka chini kule, sauti yake imelowa ukungu.

"Kakaaa! Shikamooo!"

Nikatafuna.

"Kakaaa! Umefikaa?"

Sikuitika. Sijui nikuelezeje raha niliyoisikia. Kwa mara ya kwanza Amsi alikuwa ananihitaji na mimi nilikuwa na uwezo wa kumnyima. Alijua sheria: bila kuitikiwa, hakuna kinachopita. Nikasema moyoni, acha aite. Acha aite mpaka koo limkauke, mwenzako huyo. Akaita mara ya tatu, na ya nne, na mara ya nne sauti yake ilikuwa na wasiwasi. Mimi nikahamisha hindi upande wa pili wa mdomo.

Hapo ndipo niliposikia nyuma yangu:

"Shikamoo."

Si Amsi. Amsi alikuwa chini mbele yangu, hii ilitoka nyuma, tena kwa juu kidogo. Sauti ya mtu mzima sana, kavu, kama mtu aliyekaa miaka bila kuongea. Nikageuka. Alikuwa amesimama hatua kumi hivi, ukungu umempisha, amejifunga blanketi jeusi, amenipa mgongo.

Sasa fikiria. Kwetu mtoto hakosei salamu, afadhali ukose shule. Mzee akikuamkia wewe shikamoo, basi amekufananisha au anakupima. Mtoto aliyelelewa angeruka, angesema, "Hapana mzee, shikamoo wewe." Na huyu hakuwa ametaja jina langu, na maneno ya Mama hayakuwa yamemaliza hata saa moja masikioni.

Lakini moyo wangu asubuhi ile ulikuwa umevimba. Nilikuwa nimechoka kuwa wa pili. Nikaona, kumbe hata wazee wananiamkia! Nikatoa kifua, nikafuta mdomo, nikasema, Mungu anisamehe, nikasema kwa sauti nzito:

"Marahaba, mwanangu."

Kimya kilikaa kama muda wa kumeza mate mara mbili. Kisha akasema:

"Njia imefunguka."

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha mtu ambaye magoti yameshajua na kichwa bado. Nikajiambia ni mzee wa kitongoji cha jirani, amelala kwenye pombe, amepotea. Nikazunguka nimwone uso. Nikapiga hatua upande, mgongo. Nikapiga tena, mgongo. Nilizunguka nusu duara na bado nilikuwa nyuma yake, na hakuwa ananikwepa. Alikuwa anageuka polepole, taratibu mno, kichwa kimeinuka kidogo, kama anafuata kitu kinachopita juu ya ukungu. Nywele zangu zilikuwa zinachuruzika maji. Blanketi lake lilikuwa kavu. Nyasi alizosimamia zilikuwa kavu.

"Nipe la kupeleka," akasema.

"Kwa nani?"

Kimya. Mate mara mbili. "Kwa anayekuita."

Chini kule Amsi akaita tena, "Kakaaa!" Na kinywa changu, kinywa hiki kinachonipeleka ofisini kila wiki, kikafunguka chenyewe.

"Mwambie ashuke," nikasema. "Mwambie ashuke tu, asisimame, mpaka Yaeda, akakae hukohuko."

Nilikuwa natania. Ndivyo nilivyowaambia wote baadaye. Lakini wewe umenisikia tangu mwanzo, unadhani nilikuwa natania?

Akanyamaza muda ule ule. Halafu, kutoka bondeni, mbali na mimi, karibu na Amsi, nikaisikia sauti yangu. Si inayofanana na yangu. Yangu, na ukali wake wa ng'ombe na ule mkwaruzo wa mafua niliyokuwa nayo wiki ile.

"Shuka, Amsi! Ni mimi. Shuka!"

Na Amsi, kwa furaha ya mtu aliyekuwa anaanza kuogopa, akajibu:

"Sawa, kaka!"

Hindi likaniponyoka.

"Shuka zaidi!" ikasema sauti yangu, sasa mbali zaidi.

"Sawa, kaka!"

"Hapana!" nikapiga kelele. "Amsi, simama! Rudi!" Niamini, nilipiga kelele mpaka nikaona nyota, lakini ilikuwa kama kupigia kelele ndani ya godoro. Nikamgeukia yule mzee. "Mwambie arudi! Nilikuwa natania, mzee wangu! Mwambie arudi!"

Kimya.

"Hilo halina nguvu," akasema. "Halifiki."

"Kwa nini?"

"La kwanza ulilitoa lote. Hili umelitoa nusu."

Na kilichoniua, ndugu yangu, ni kwamba alisema kweli. Hata pale, nikilia, kulikuwa na kijisehemu ndani yangu kimekaa pembeni kinapiga hesabu: Amsi akichelewa, atakayekwenda Dodoma ni mimi. Yule mzee alikisikia. Sikukisema, lakini alikisikia. Hakuongeza, hakupunguza. Akaendelea kugeuka vile vile, uso juu, mpaka ukungu ukamfunga na pakabaki nyasi kavu.

Nikashuka mbio. Nilianguka sijui mara ngapi. Niliziona alama za gambuti kwenye udongo, zimenyooka, hatua za mtu anayekwenda alikotumwa. Na mbele yangu, kila nikivuka kigongo kimoja, naisikia sauti yangu kwenye kigongo kinachofuata, "Shuka, Amsi," na nyuma yake ile "Sawa, kaka," inazidi kupungua. Nikawa napiga kelele, "Usinisikilize! Amsi, usinisikilize mimi!" Kuna mtu duniani amewahi kukimbia hivyo, akimwomba nduguye asimsikilize?

Ukungu ulitoka saa tano. Alama ziliishia kwenye mawe. Niliendelea kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Saa tisa nilikuwa chini kabisa, joto, miiba, ndimi za ng'ombe nje, na mchungaji mmoja aliponiona akanielekeza kwa fimbo hata kabla sijamwamkia.

"Yule mwenzako yuko pale," akasema. "Anaitikia mtu. Mtu mwenyewe hayupo."

Amsi alikuwa amekaa juu ya jiwe, gambuti imepasuka, miguu imevimba, kile kioo changu mkononi. Midomo ilikuwa imekauka na bado inasema. Sawa, kaka. Sawa, kaka. Nikamkumbatia, nikamtikisa, nikamwita jina mara kumi. Nilikuwa sitaki Dodoma. Nilikuwa sitaki chochote. Nikajua kwamba sasa hivi ningesema "rudi," lingefika, lote.

Akaniangalia. Akanitambua, hilo naliapia, akanitambua kabisa. Kisha akasimama kwa shida, akainamisha kichwa kama anavyomwinamishia babu, akasema:

"Shikamoo."

Yule mchungaji akacheka. Mimi kidogo nijibu, kwa ile furaha tu ya kumwona hai, mdomo ulishaanza. Halafu nikahisi kitu. Juu, kwenye anga jeupe lisilo na hata kunguru, kuna kitu kilikuwa kinasubiri niitikie. Nikafunga mdomo.

Tulirudi kwa bodaboda ya mtu aliyetuonea huruma. Mama alimpokea Amsi, akamwosha miguu, na kwa mara ya kwanza maishani sikuona wivu.

Madam Zuhura alikuja jioni na daftari lake na sweta zake. "Tulikuwa na wasiwasi mlipochelewa," akasema, "lakini mmefanya kazi nzuri mno. Namba zote kumi. Hakuna hata moja iliyokosewa."

"Namba gani, Madam?"

"Si ulizipeleka mwenyewe? Sauti yako ilikuwa safi sana. Ila kila nikikuuliza kitu, ulikuwa unachelewa kidogo kujibu. Ulikuwa unatafuna?"

Niliingiza mkono kwenye mfuko wa koti la Amsi, nikatoa bahasha, nikampa. Gundi yake, saini yake. Haijafunguliwa. Akaigeuza, akaigeuza tena, akavuta kanga yake mabegani. Hakuniuliza chochote, na mpaka leo hajaniuliza. Wiki iliyofuata alitangaza jina la kwenda Dodoma.

Langu. Ungekataa? Mimi sikukataa, na hilo ndilo linalonichoma kuliko hata lile hindi nililolitafuna akiniita. Nilikwenda. Nikaliona dishi, kubwa kama nyumba, limeinua uso, linageuka polepole, taratibu mno, linafuata kitu ambacho sisi hatukioni. Sisi tulikuwa tumesimama nyuma yake. Mgongo. Kijana mmoja wa chuo akanivika vitu vya masikioni, akasema nisijali jibu likichelewa kidogo, safari ni ndefu. Niliwatapikia chapati zao kwenye maua. Wakadhani ni gari.

Sasa usikie yaliyobaki.

Amsi ni mzima. Bado ni wa kwanza Fizikia, bado Mama anamwita ng'ombe akizaa. Wenzetu anawaita "oya," anawatania, anacheza nao mpira. Ila mimi. Mimi hanitanii. Haniiti tena kaka. Kila asubuhi anainamisha kichwa, "Shikamoo." Haanzi kula mpaka nianze. Blanketi lote ananiachia. Gambuti mpya alinunuliwa yeye, akazisogeza upande wangu wa kitanda bila neno. Nikimuuliza, "Amsi, unakumbuka ile siku?" anasema, "Ulinituma, nikaenda," kwa heshima zote, akaangalia chini. Nilitaka niwe juu yake. Niko juu yake. Na huku juu hakuna mtu wa kugombania naye blanketi.

"Mjibu mwenzako!" Mama hufoka. "Kiburi gani hicho?"

Siwezi. Nilijaribu mara moja, asubuhi ya ukungu, kwa sababu niliona aibu mbele ya wageni. Nikasema "Mara," sikumaliza. Nje ya ukuta sauti yangu ikasema, taratibu, "Amsi, shuka." Amsi akaweka kikombe cha uji chini, akaanza kutafuta viatu. Nilimshika shati mpaka likachanika, na sikuliachia mpaka jua lilipotoka. Tangu hapo neno lile sijalisema kwa mtu yeyote, hata kwa kidato cha kwanza wanaoniamkia kwenye foleni ya chakula. Wanasema najisikia. Waache.

Kwa hiyo wewe unayesoma huku unacheka, nikuombe jambo. Kama unaye mtu wa kumwonea wivu, mwonee kwa kelele. Mwibie soksi, mpige teke, mwambie usoni. Lakini akikuita, itika. Usimnyamazie mtu aliye chini anayekutegemea wewe uliye katikati, kwa sababu ukimnyamazia wewe, yuko mwingine atakayeichukua kazi yako, na huyo hana utani. Na ukungu ukishuka, mtu mzima asiyejua jina lako akikupa shikamoo, hata kama ndiyo shikamoo uliyoitamani maisha yako yote, usiipokee.

Mimi kesho asubuhi nitapewa ya kwangu kabla ya uji, kama kila siku. Nitakaa kimya, Mama atanisema. Halafu nitafanya ninachofanya kila siku: nitamkanyaga Amsi mguu chini ya meza, kwa nguvu, kama tulivyokuwa tukifanya zamani, na nitasubiri.

Mpaka leo anasema samahani, anausogeza mguu wake. Siku atakayonikanyaga na yeye, nitajua amerudi.